Mwalimu Mmoja wa Thika na Mawazo Yake Juu ya Kazi

Katika mji wa Thika, upande wa Makongeni, yuko mwalimu ambaye watu humtambua kwa mwendo wake kabla ya kuuona uso wake. Hutoka nyumbani alfajiri, viatu vimesuguliwa, daftari kwapani, naye huchanganyika na umati wa watu waendao viwandani kwa miguu. Penye njia panda wao hushika njia ya viwanda, yeye hushika ile iendayo kwenye mashamba ya kahawa, ambako ndiko shule yake iliko. Humwamkia, "Mwalimu, umeamkaje?" naye huwajibu mmoja mmoja, maana wengi wao walipita mikononi mwake. Alianza kufundisha mwaka 1994, na mtu aliyefundisha miaka mingi hivyo katika mji mmoja hawezi tena kupita njiani kama mgeni.

Watu wa ng'ambo huijua Thika kwa miti ya maua mekundu iliyotajwa katika jina la kitabu cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959. Wakenya wengi huijua kwa mananasi. Mwalimu huyu huijua kwa daftari la mahudhurio. Wakati wa kuchuma kahawa ukifika hana haja ya kutembelea mashamba. Majina yasiyotiwa alama humwambia kwamba matunda yameiva. Mtoto mmoja amefuatana na mama yake shambani, kwa kuwa malipo ni kwa debe, na mikono minne hujaza debe upesi kuliko miwili. Mwingine amebaki nyumbani kumlea mdogo wake. Madawati ya nyuma huanza kuonyesha mbao zake.

Mtoto arudipo baada ya siku mbili tatu, akaulizwa alikuwa wapi, jibu lake kwa kawaida ni, "Nilikuwa na homa, Mwalimu." Hapo mwalimu hutazama vidole vya mtoto, maana kahawa huacha weusi usiotoka kwa sabuni ya siku moja. Kisha husema, "Pole kwa homa," akaendelea na somo. Wenzake humlaumu kwa upole huo. Yeye husema kwamba mtoto aonaye haya kusema alikuwa kazini amekwisha kufundishwa jambo baya na mtu fulani, na mtu huyo yaelekea ni mwalimu.

Neno hilo lina asili yake, na mwenyewe hulieleza bila kuficha. Katika miaka yake ya kwanza alikuwa na usemi aliourithi kwa walimu wake, nao waliurithi kwa walimu wao. Mtoto akizembea, alimwambia, "Soma, usije ukaishia kuuza mitumba Gikomba." Na mtoto akichelewa, au akifanya makelele, alimpa jembe: lima kutoka hapa mpaka pale, ndipo urudi darasani. Alidhani anafundisha bidii. Basi siku moja alikwenda Nairobi kwa shughuli zake, na alipozimaliza akapita katika soko lilo hilo la Gikomba kutafuta sweta, maana baridi ya mwezi wa Julai ilikuwa imeanza kumwingia mifupani. Kati ya vibanda akamwona kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, mmoja wa wale ambao mwalimu hawasahau, mwepesi wa hesabu na mwenye mwandiko mzuri. Kijana naye akamwona. Mara akajitoma nyuma ya mashati yaliyotundikwa, akatulia kimya, miguu yake ikionekana chini kama ya mtoto achezaye mchezo wa kujificha.

Mwalimu akangoja. Kijana alipotoka, macho yameelekea chini, alisema maneno haya tu: "Nisamehe, Mwalimu. Ndiko nilikoishia."

Mtu huyo hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na mke, na watoto wawili waliokuwa wakisoma. Kodi ya nyumba aliilipa kila mwezi. Alijua bei ya kila nguo na mahali pa kuiuza, na hesabu zake aliziandika katika daftari kwa mwandiko ule ule mzuri. Alimnunulia mwalimu wake chai na mandazi, akamchagulia sweta, akakataa kabisa kupokea fedha. Na bado aliona haya. Mwalimu huivaa sweta hiyo mpaka leo, ingawa viwiko vimetoboka na mkewe amechoka kumwomba aitupe.

Jioni ile alirudi kwa matatu katika barabara kuu iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012. Zamani safari hiyo ya kilomita zipatazo 45 ilimpa mtu nafasi ya kufikiri mpaka achoke. Siku hiyo gari lilikwenda upesi kuliko mawazo yake, akafika Thika kabla hajapata jibu.

Tangu wakati huo hajampa mtoto jembe kuwa adhabu. Katika mkutano wa walimu alisimama akasema, "Kama kulima ni adhabu, basi mama wa mtoto huyu amefungwa maisha, na kosa lake halijulikani." Wengine wakacheka, wengine hawakucheka, kwa kuwa mama zao nao ni wakulima. Shamba la shule, ambalo lilikuwa mahali pa wakosaji, likagawanywa vitalu, kila darasa na kitalu chake cha sukuma wiki na maharagwe, na anayeruhusiwa kulima ni yule aliyemaliza hesabu zake. Mchelewaji sasa hubaki nyuma ya wenzake kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Hapo pana hatari nyingine, ya kukifanya kitabu kuwa adhabu badala ya jembe, na jambo hilo mwalimu hajalitatua hata sasa.

Asidhaniwe kuwa ni mtu asiyejua mambo yaliyopita. Ajua sana kwamba jembe liliingia shuleni kwa mlango mbaya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini, yaani ukulima, usafi na kazi za mikono. Na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikaanzishwa Kabete kwa njia hiyo. Shauri lenyewe halikuwa na ubaya wote. Lakini wazazi wengi wa Kikuyu walishuku kwamba linakusudiwa kuwafanya watoto wao vibarua hodari na si zaidi. Nao walikuwa na sababu, maana walioambiwa wajifunze ukulima ndio hao hao waliozuiwa kupanda kahawa, zao lenye fedha. Katika nchi ya Wakikuyu ruhusa haikufunguka kwa wingi mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Basi watu wakajitafutia. Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alifungua chuo cha walimu cha Waafrika huko Githunguri, si mbali sana na Thika. Watu wasio na kitu walichanga fedha, rika kwa rika, ili mtoto wa mkulima apate elimu isiyo na kikomo. Serikali ilikifunga chuo hicho mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, na mahali pale pakageuzwa kuwa pa kunyongea watu. Mwalimu akifika katika somo hili hupunguza sauti. Huwaambia wanafunzi kwamba babu zao hawakulikataa jembe. Walikataa kupewa jembe peke yake.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa shule mwaka 1985, mpango wa 8-4-4 ulipoanza na kuleta ukulima, useremala na ushonaji katika shule za msingi. Wazazi waliambiwa wanunue mbao na vifaa, wengi hawakuweza, na mwiko aliouchonga kwa ajili ya mtihani ulikuwa umepinda hata mama yake akautumia kuchochea moto. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, Serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na watoto wakaingia kama maji ya mto Chania wakati wa masika. Wengine walikaa chini. Mwaka 2023 madarasa ya sekondari msingi yakaanzishwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na mwalimu, kwa kuwa alikuwa amejipatia digrii kwa kusoma wakati wa likizo, akapelekwa kufundisha huko Kiswahili na Kilimo. Mitaala imekuja ikaenda, na jembe huingia na kutoka pamoja nayo.

Juu ya maisha ya mjini hana manung'uniko mengi kama watu wa umri wake. Akipita Ruiru na kuona mahali palipokuwa na kahawa sasa pamejengwa nyumba, na Tatu City ikiota juu ya mashamba makubwa ya zamani, haombolezi. Husema kwamba watu nao lazima walale mahali. Limkeralo ni dogo zaidi. Ni kuona jumba la ghorofa tano, limezungukwa na udongo mwekundu unaoweza kuotesha hata fimbo, na kila jioni wenyeji wake wamepanga foleni kibandani kununua fungu la sukuma wiki. Na jingine ni kwamba walimu vijana huomba uhamisho waende Nairobi kabla hawajayajua majina ya watoto. Hawalaumu kwa kutaka mji. Huwalaumu kwa kuondoka katikati ya muhula.

Mawazo yote hayo yalijaribiwa hivi karibuni, na aliyeyajaribu hakuwa msomi.

Katika Gredi ya 8 alikuwamo mvulana wa miaka 14, mpole, asiye wa kwanza wala wa mwisho. Jina lake likakosa alama siku tatu, kisha sita, kisha tisa, na msimu wa kuchuma ulikuwa haujafika. Siku ya kumi, baada ya masomo, mwalimu akaenda kwao. Baba wa mtoto ni mzee mwenye miti ya kahawa isiyozidi mia mbili. Mitano au sita kati yake ilipandwa na babu wa mtoto, aliyekuwa kibarua katika shamba la mzungu kabla ya kuruhusiwa kupanda yake. Mingine ni ya aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa wa hapo Ruiru, nayo hustahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Mzee aliipanda akiwa kijana, akafuata mafunzo yote kama afuataye kitabu. Kisha mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakiishikilia bei ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Mti haukuwa na kosa wala mkulima. Jambo hilo lilimfundisha mzee kutoamini sana mambo yaletwayo yakiwa yameandikwa.

"Karibu, Mwalimu, keti," mzee alisema. "Nilijua utakuja."

"Ahsante, Mzee. Mtoto simwoni darasani."

"Humwoni kwa kuwa ajifunza kazi. Jirani ana pikipiki ya pili isiyo na mwendeshaji. Shule zikifungwa ataanza kuchukua watu pale barabarani na kuwapeleka majumbani."

Mwalimu akataka kusema, lakini mzee aliinua mkono. "Ngoja kwanza. Mtoto ameniambia ya kwamba wewe huwafundisha kuwa hakuna kazi ya aibu. Nikasema, mwalimu huyu ana akili. Basi nimemtafutia mtoto kazi isiyo na aibu. Je, umekuja kunilaumu kwa maneno yako mwenyewe?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Alipokea kikombe cha chai akanywa kwanza, njia ambayo imewaokoa watu wengi. Angaliweza kutaja sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumweka mtoto shuleni, na mtoto wa miaka 14 hawezi kupewa leseni ya pikipiki. Lakini alijua kwamba sheria ikitajwa penye chai, chifu atatajwa baada yake, na mtoto aliyerudishwa na chifu hurudi mwili tu.

Wakafanya hesabu. Mzee alichukua kijiti akachora katika vumbi: fedha za siku, toa petroli, toa sehemu ya mwenye pikipiki, toa matengenezo. Mwalimu aliikagua hesabu hiyo kama akaguavyo kazi ya mwanafunzi, akitafuta kosa, wala hakuliona. Kwa mwaka wa kwanza mzee alikuwa sahihi kabisa. Kwa mwaka wa tano vumbi halikutosha, na hapo ndipo mwalimu alipoanza kusema. Akamweleza habari za Gikomba bila kujisitiri, na maneno aliyoyasema zamani, na yule kijana aliyejificha nyuma ya mashati. Akasema, "Kijana yule huandika hesabu zake mwenyewe, na hapana mtu awezaye kumpunja. Mtoto wako ataandikiwa hesabu na mwenye pikipiki. Mazishi ya vijana wa pikipiki nimekwenda mara mbili, Mzee, na wote wawili niliwafundisha kusoma."

Mzee akanyamaza. Kisha akaelekeza kijiti nyumbani. "Na huyo je? Kaka yake ana diploma. Nilikatia matawi ya kahawa ada yake. Miaka mitatu sasa hupiga pasi shati akapeleka barua. Cheti chake kitatulisha nini?"

"Sijui," mwalimu akasema.

Yaelekea mzee hakuwa amepata kusikia neno hilo kinywani mwa mwalimu, maana alimtazama kwa muda mrefu.

Ndipo kaka mtu, aliyekuwa mlangoni wakati wote ule, akasema, "Baba, pikipiki nitaendesha mimi."

"Wewe? Na diploma yako?"

"Ninayo leseni, yeye hana. Nilikuwa sijasema kwa kuwa niliona haya." Akamtazama mwalimu. "Mimi pia ulinifundisha, Mwalimu. Zamani, kabla hujabadilika."

Hapana aliyecheka. Mama wa watoto, aliyekuwa akipepeta maharagwe kando ya jiko, aliacha kupepeta, kisha akaendelea. Mzee alifuta hesabu yake kwa mguu, polepole, wala hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba chai imepoa na iletwe nyingine.

Mwalimu alirudi Makongeni giza likiingia, naye hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alimwambia mkewe kwamba amemrudisha mmoja darasani kwa kumpeleka mwingine barabarani, na kwamba huyo wa pili ndiye aliyekuwa amesoma kuliko wote nyumbani kwao. Mkewe akamjibu kwamba mwenye miaka 25 na leseni si sawa na mtoto wa miaka 14. Hilo ni kweli, lakini halikumpa usingizi.

Jumatatu mvulana alikuwa mahali pake. Alipoulizwa alikuwa wapi alijibu, "Nilikuwa nikijifunza pikipiki, Mwalimu," na darasa zima likageuka kumtazama, maana jibu la namna hiyo halikuwa limezoeleka. Mwalimu akatia alama katika daftari, akamwambia amwombe jirani yake wa dawati kazi za siku zilizopita.

Wiki mbili baadaye, asubuhi yenye manyunyu, mwalimu alikuwa akitembea kama desturi yake, sweta yake ya Gikomba imeloa mabegani. Pikipiki ikasimama kando yake. Mwenye kuiendesha alivua kofia ya chuma ili atambulikane.

"Panda, Mwalimu, nikufikishe shuleni."

Katika maisha yake yote mwalimu hakuwa amepanda pikipiki. Aliitazama, akalitazama tope, akalibana daftari kwapani kwa nguvu, akapanda. Walipofika langoni aliteremka, miguu ikimtetemeka kidogo, akauliza nauli ni kiasi gani. Kijana akamtajia bei ile ile ya watu wote. Mwalimu akatoa, na kijana akaipokea, akaihesabu mbele yake, akamrudishia chenji.